Meku Hakuharakishwa

Tangu baridi ya mwaka huu ianze kushuka kutoka Mlima Kilimanjaro, nimeulizwa swali lilelile na watu mbalimbali, la nini cha kumfanyia kobe mzee anayekaribia kufa, na aliyenigusa zaidi ni mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi. Baba yake alifariki akaacha nyumba, pikipiki na kobe mzee. Nyumba imepata mwenyewe na pikipiki imeuzwa. Kobe amejikunyata nyuma ya banda la kuku, hali wala hatembei, na ndugu hawaelewani. Mmoja anataka arudishwe porini akafie kwao. Mwingine anataka atafutwe mtu wa kummaliza. Wa tatu anasema aachwe alivyo, siku yake ikifika Mungu atamchukua. Nilizungumza na mama yule kwa kirefu, na tulipoagana nikaona bado nina mengi ya kusema.

Yote ninayoyajua kuhusu jambo hili nimefundishwa na Meku. Alikuwa kobe wa madoa, wa aina ile inayoonekana kwenye nyika za Kahe, Same na Mkomazi, dume mwenye gamba la tumboni lililobonyea katikati. Baba alimtoa Kahe mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, baada ya moto wa nyika kupita. Alimkuta kwenye majivu, upande mmoja wa gamba umeungua, akamtia kwenye gunia na kupanda naye hadi nyumbani, Marangu. Kovu la moto alikaa nalo maisha yake yote. Kila Desemba, ukoo ulipopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, watoto wa mjini walikimbilia kulipapasa kabla hata hawajawaamkia wazee.

Marangu si mahali pa kobe. Moshi mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Marangu imezidi 1,300, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mwezi wa saba ukungu hukaa kwenye migomba mpaka mchana. Reptilia hajitengenezei joto la kumtosha mwilini. Hulitafuta kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo, na akilikosa, kila kitu ndani yake husinzia: tumbo, figo, hata nguvu za kupambana na ugonjwa. Meku aliishi kule juu kwa sababu ya ng'ombe. Kwetu Uchagani ng'ombe wengi hawaendi malishoni. Hufungwa ndani, wakaletewa majani ya migomba na nyasi zilizokatwa tambarare, na katika nyumba za zamani walilala chini ya paa moja na watu. Baba alimjengea Meku pango la mawe, likagusana na ukuta wa zizi. Jioni aliingia mwenyewe. Asubuhi, jua likishapenya, alitoka mwenyewe na kwenda kulala juu ya jiwe bapa karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, halafu akishapata moto ndipo alipoanza kula ukoka.

Baba hakusomea wanyama. Lakini lile pango lilikuwa na elimu yote ninayohitaji kumpa mtu leo: kumtunza kobe ni kumtunzia joto, kisha kumwachia achague mwenyewe kiasi anachotaka.

Baba alifariki nikiwa tayari nafanya kazi Moshi mjini. Tulipoanua matanga, kikao cha ukoo kilikaa uani. Kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba vilikwenda kwa mdogo wetu kitinda mimba, kama desturi ilivyo, na kaka mkubwa alikuwa na shamba lake tangu alipooa. Ng'ombe wakahesabiwa, ikatajwa hata mashine ya kumenyea kahawa. Binti hakuwa na fungu katika kihamba, nami sikulitarajia. Meku alipita katikati ya kikao, kati ya miguu ya wazee, na hakuna aliyemtaja. Nikasema nitamchukua mimi. Mzee mmoja akanijibu, "Mchukue, binti yangu. Huyo si mali."

Nimelifikiria sana neno lile. Kobe wa madoa anaweza kuishi zaidi ya nusu karne, na wengine hukaribia karne nzima. Maana yake ni kwamba mtu anayemwokota akiwa kijana karibu kila mara anamwokotea mtoto wake, na uzee wa kobe huyo utaangukia mikononi mwa mtu ambaye hakumchagua. Wengi wa wanaonipigia simu ni watu wa namna hiyo. Hawakumleta kobe nyumbani. Wamemkuta, kama walivyomkuta mzee wa ukoo aliyekwisha kuzeeka, na wana haki ya kuchoka. Ndiyo maana namsihi kila anayefuga kobe aseme mapema, mbele ya watu, nani atakayemtazama akifika mwisho. Ng'ombe hutajwa katika wosia. Kobe naye atajwe.

Na si mali kwa maana nyingine pia. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni wa umma, chini ya dola, na anayetaka kukaa naye anahitaji kibali. Nilikwenda kwa afisa wanyamapori nikaeleza kila kitu, kuanzia gunia la Kahe. Nikamuuliza kama isingekuwa heri nimrudishe nyikani. Alinikataza kabisa. Kobe aliyekaa miongo mingi kwenye ua, karibu na kuku na watu, anaweza kubeba vijidudu vya mafua ya kobe ambavyo yeye mwenyewe amevizoea lakini vikawaangamiza wenzake wa porini. Tena, mzee asiyejua maji yako wapi wala jua la kule linapiga vipi hafiki mbali. Kumwachia porini mnyama anayekaribia kufa ni kumtupa, tukajifariji kwamba tumemrudisha kwao. Nilifuata utaratibu alionielekeza, na Meku akashuka rasmi kuwa mkazi wa Moshi.

Mjini alinawiri. Kuna joto, na uani kwangu kuna ukuta unaopokea jua kuanzia asubuhi. Kisha ukaja msimu mmoja wa baridi, mawingu yakafunika wiki baada ya wiki hata mlima tukausahau, na Meku akaacha kula. Jirani yangu, mama mwenye huruma sana, alikuja na uji wa lishe na bomba la sindano ili tumnyweshe kwa nguvu. Nilimwomba asubiri, nikamwita bwana mifugo.

Yule bwana nitamheshimu daima. Alimzunguka Meku akimtazama, kisha akasema, "Dada, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi. Kobe sikumsomea. Ila niambie, usiku analala wapi?" Tulikwenda kwenye kibanda cha Meku, akaweka kipimajoto sakafuni. Kilisoma nyuzi 17. "Sasa huyu hata ukimpa chakula," akasema, "kitapikwa na moto gani?"

Ndivyo ilivyo. Kobe hula majani magumu, na majani hayo huchachushwa taratibu na vijidudu vya tumboni, kazi inayotaka mwili wenye nyuzi karibu 28 au 30. Ukimjaza uji akiwa wa baridi, uji huozea ndani. Hata dawa hufuata mwendo huohuo. Kuna antibiotiki ambayo mamalia huhitaji kila siku lakini kobe hudungwa mara moja kila baada ya siku 3, kwa sababu mwili wake huiondoa polepole. Bwana mifugo hakuandika dawa yoyote. Alinituma duka la dawa za mifugo nikanunue taa ya kulelea vifaranga, akaifunga juu ya nusu moja ya kibanda na kuiacha nusu nyingine bila taa, ili mzee akiona moto umezidi ahame. Jiko la mkaa alilikataa. Hewa yake mbaya hujaa kibandani, ndiko kobe aliko, na kobe hana kiwambo cha kifua, kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri kitu kikimkwama. Halafu tukamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyomfika kidevuni. Alikunywa, akanywa tena, akatoa mkojo mweupe mzito uliokuwa umemkaa kwa muda mrefu. Siku chache baadaye aliufuata mchunga niliomwekea, akaumaliza.

Tangu hapo, mtu akiniambia kobe wake anakufa, namuuliza kwanza kuhusu joto na maji. Kobe wengi wanaohesabiwa kuwa wako mahututi katika mwezi wa saba wamepoa na kukauka tu. Usizungumze habari za kifo mpaka umempa mnyama siku za kutosha za joto na maji, na siku za kutosha kwa kobe ni wiki, pengine miezi. Muda huo huwashinda watu wengi. Sisi tumezoea kuku, ambaye akiumwa asubuhi, jioni umeshajua hatima yake.

Meku aliishi miaka kadhaa baada ya baridi ile. Macho yakaanza kufunikwa na mtoto wa jicho, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Katika miaka hiyo nilipata safari ya Unguja, nikavuka hadi kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa ambao ukoo wao ulianza na wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, na watalii huzipiga picha zile namba. Nilijaribu kuyatazama macho yao badala ya migongo. Namba haisemi kama mzee anaona, kama anasikia harufu ya chakula, kama miguu inamuuma anapoinuka.

Baadaye nilisoma habari za Jonathan, kobe wa kisiwa cha St. Helena, anayekadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832 na aliyefikishwa kisiwani mwaka 1882. Uzeeni alipofuka na kupoteza uwezo wa kunusa. Alikuwa akiuma udongo na majani makavu kwa sababu hakuweza kuyatofautisha na nyasi, akadhoofika, na mdomo wake ukapoteza makali. Daktari wa wanyama akaanza kumlisha matunda na mboga kwa mkono, mara moja kwa wiki, na mwili ukarudi. Habari hiyo ilinipa moyo sana. Niligundua kwamba Meku alikuwa akiuma sentimita chache pembeni ya chakula, nikaanza kumgusisha jani mdomoni. Akilisikia, alifungua. Asipotaka, aligeuza shingo, nami niliondoka. Kumlisha asiyeona ni kumsaidia kufanya anachotaka kufanya. Kumlazimisha asiyetaka ni jambo jingine kabisa, na mpaka kati ya hayo mawili ni ile shingo inayogeuka.

Miezi ya mwisho ya Meku, mama yangu alikuwa kwangu. Alishuka kutoka Marangu kwa ajili ya magoti, kwani baridi ya juu ilikuwa ikimnyima usingizi. Alikuwa akiketi kwenye kigoda uani, kanga mabegani, na Meku karibu na miguu yake. Meku alikuwa ameanza kuburuta miguu ya nyuma. Nilimpima kwa mizani ya jirani mwenye duka na uzito ulikuwa ukishuka, ingawa joto lilikuwa sawa na maji aliyapata. Safari hii nilimpeleka kwa daktari wa wanyama aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Akampiga eksirei. Viungo vilikuwa vimevimba. Alisema ni jongo: figo zimechoka, asidi ya yuriki imeshindwa kutoka, imejikusanya kwenye maungio, na inauma. Akatueleza kwa upole njia zilizobaki. Angeweza kumpitishia mpira wa kulishia kooni na kumwongezea muda. Angeweza kumpa dawa za maumivu tukaendelea na joto na maji. Au angeweza kumlaza moja kwa moja.

Nyumba yangu ikajaa maoni. Kaka aliyeko Dar es Salaam alipiga simu kwamba atatuma fedha na kila linalowezekana lifanyike, kwa kuwa ni kobe wa baba. Muuza samaki wa mtaani kwetu, kwa nia njema kabisa, alisema nimtie kwenye friza, atasinzia kwa baridi na asijue lolote. Ushauri huo wa friza nimeusikia mara nyingi, na naomba usirudiwe. Mnyama wa damu baridi akigandishwa hivyo, barafu hujifunga kwenye nyama na ngozi yake wakati bado anahisi, ila hana nguvu za kujitikisa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kuhusu kuwalaza wanyama unaikataa njia hiyo kwa mnyama ambaye hajapewa dawa ya usingizi kwanza. Utulivu wake ndani ya friza ni wa kushindwa kujitetea.

Mama alisikiliza wote. Kisha akaniambia, "Mpira wa nini? Baba yako hakutiwa mpira. Na mimi nikifika hapo msinitie. Mtu mzima akisema ameshiba, ameshiba."

Tukachukua dawa za maumivu. Daktari alinionyesha jinsi ya kudunga kwenye misuli ya mguu wa mbele, kwa sababu damu ya miguu ya nyuma ya kobe huweza kupitia kwenye figo kwanza, na figo zake hazikuhitaji mzigo mwingine. Nilimuuliza nitajuaje kwamba imetosha. Mbwa hulia na paka hujificha, lakini kobe hatoi sauti wala uso wake haubadiliki. Aliniambia nitazame kitu kimoja: kama bado anachagua. Kobe, maadamu yu hai kwa nia yake, huhama kutoka kwenye jua kwenda kivulini na kutoka kivulini kwenda kwenye jua. Ndiyo kazi yake ya siku, na ndiyo njia yake ya kusema anataka kuwapo.

Katika ushauri wote niliopewa, huo ndio ninaoupitisha kwa watu kwa uhakika zaidi, kwa sababu unamwondoa mwenye nyumba kwenye hofu zake mwenyewe. Tulikuwa tunabishana kuhusu fedha, kumbukumbu ya baba na dhambi, na katika yote hayo Meku hakuwamo. Kumtazama kama amehama kulituondoa sote kwenye mabishano.

Mama ndiye aliyekuwa mlinzi. Kila asubuhi alinipa taarifa kabla sijaenda kazini: amefika ukutani, amerudi chini ya mwembe, leo amechelewa lakini amefika. Safari zikawa fupi. Ikafika siku jua la saa saba likampata pale alipoachwa, na alipaswa kusogea hatua mbili tu, hakusogea. Mama akamfunika kwa kanga na kumwita binti wa jirani amhamishe. Kesho yake ikawa vilevile, na usiku alikuwa akihema kinywa wazi, shingo imenyooshwa. Mama alisema, "Mwanangu, mwite daktari. Amemaliza."

Daktari alikuja jioni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Fanya taratibu." Alimdunga kwanza dawa ya usingizi, tukangoja mpaka kichwa kikalegea na mguu ukibinywa haurudi. Ndipo akatoa dawa ya pili. Kisha akatueleza jambo ambalo kila mwenye kobe anapaswa kulijua. Ubongo wa kobe huvumilia kukosa hewa kwa muda mrefu kuliko wetu, na moyo wake unaweza kuendelea kupiga kwa saa kadhaa hata baada ya mengine yote kukoma. Kwa hiyo daktari hamalizii kwenye sindano. Huharibu ubongo kabisa mnyama akiwa hajitambui, ili asije akazinduka. Alituomba tuingie ndani wakati wa hatua hiyo. Mama alikataa, akabaki kwenye kigoda chake.

Kwa sababu hiyohiyo hatukumzika jioni ile. Majirani walishachukua jembe, na kwa mila zetu za haraka walishangaa, lakini daktari alitaka alale mpaka kesho, mahali penye joto la kawaida, akaguliwe tena. Kobe waliopoa tu, ambao hawajafa, wamewahi kuzikwa wakidhaniwa maiti. Asubuhi alipimwa moyo tena, mwili ulikuwa umekakamaa, na daktari akaridhika.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Mapema siku hiyo alikuja mtu nisiyemjua, mwenye adabu, akataka kununua gamba kwa ajili ya dawa. Alitaja bei nzuri. Nilimweleza kwamba gamba ni nyara, si langu wala la mtu yeyote kuuza, na kwamba mwili ule una dawa kali ambayo haitoki hata mnyama akishakufa. Mbwa akimfukua na kumla anaweza kufa naye. Aliposikia habari ya sumu alirudi nyuma hatua kadhaa, akashukuru kuelezwa, akaondoka.

Afisa wanyamapori alikuja kufunga kumbukumbu za kibali. Alijaza karatasi yake uani, akauliza umri. Nilikuwa naanza kupiga hesabu, mama akanitangulia: alipoletwa mwaka wa Azimio alikuwa tayari mkubwa wa kumjaa mtu mikononi, na aliyemleta alikuwa kijana. Afisa akaandika "zaidi ya miaka 60", akatia sahihi, akaturuhusu kumpandisha Marangu. Mdogo wangu alikuwa ameshachimba, futi nne kwenda chini kwa sababu ya mbwa, karibu na ukuta wa zizi la zamani. Kaka wa Dar es Salaam alitaka tupande masale, mmea wetu wa makaburini, juu yake. Mama alisema masale ni ya watu, tuweke mawe, na mawe ya pango la baba yalikuwa yapo palepale.